Tulivyompeleka Bosi Kuoa Worcester

Kila nikishuka ngazi za jengo letu nasimamishwa. "Mwanaidi, mliondoka na ndege, mkarudi na tundu tupu. Mmemla?" Mwingine ananiuliza kanisani kwao, mimi hata si mtu wa kanisa, nimepeleka suruali ya watu tu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, asomaye amsimulie mwenzake, kisha mniache nishone.

Kwa wasiotujua: mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, na chumba changu cha kazi kiko katikati ya jiji la Johannesburg, ghorofa ya tatu. Nagawana chumba hicho na Mama Nsimire, msusi, mtu wa Bukavu, mwenye mikono myepesi na mdomo mzito kwa ubishi. Bosi ni ndege wake. Ni kasuku, lakini si yule wa Kongo wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Huyu ni wa kijani, kifua cha kijivu, mkubwa kidogo kuliko njiwa mchanga. Asili yao ni Argentina na nchi za jirani, na wauza ndege wa hapa wanasema ndiye kasuku pekee anayejenga kwa vijiti. Wenzake wote hutafuta tundu la mti wakajibanza. Hawa hufuma vijiti juu ya mti, ukoo mzima, kila familia na mlango wake, kama flati za Hillbrow hapa jijini.

Bosi hakuwa na mti. Alikuwa na saluni. Aliiba vitana vyenye mkia, aliiba nyuzi za rasta, akavifuma kwenye nyavu za tundu lake siku nzima huku akipiga kelele, "Nani anafuata?" Wateja wakacheka. Mama Nsimire akasema, "Muone mwanaume huyu. Anajenga nyumba. Mwanamuke hajengake nyumba." Hapo ndipo Bosi alipopata uanaume wake. Hakuna mtu aliyeuliza zaidi.

Ila kuna jambo lingine alilojua Bosi, na hilo ndilo la maana. Jioni akirudishwa nyumbani, Mama Nsimire akiita kutoka jikoni, "Nsimire!", ndege hujibu, "Ninakuya, mama!" Kwa sauti ya mtoto mdogo. Ni sauti ya Nsimire mwenyewe, enzi hizo kabla hajaanza shule. Sasa Nsimire ni msichana mkubwa, yeye na kaka yake wanasikia kila neno la Kiswahili, lakini ukiwasemesha wanakujibu kwa Kizulu au Kiingereza. Siku moja Mama Nsimire aliniambia huku anasuka kichwa cha mtu, bila kunitazama, "Watoto miye nilizaa, lakini mwenye ananijibu ni Bosi." Nilitia uzi kwenye sindano kwa muda mrefu sana siku hiyo.

Basi baridi ile Bosi akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua. Akaacha kujenga, akaacha kusema. Daktari wa ndege akasema huyu ni kiumbe wa kundi, mnamwacha tunduni mchana kutwa bila ndege mwenzake huku mnahangaika na wateja, atajimaliza. Mtafutieni mwenzake. Mama Nsimire alilia, kisha akashika simu. Kwa watu wa kwao akampata Papa Gédéon, mjane, mlinzi wa ghala la matunda kule Worcester, karibu na Cape Town, mwenye ndege wa aina hiyohiyo aitwaye Malaika. Mpole, anapenda kukunwa shingo, haibi kitu. "Mwanamuke huyo," akasema Mama Nsimire. Posa ikapelekwa kwa simu.

Papa Gédéon aliomba jambo moja: Bosi ahamie kwake, kwa sababu nyumba yake ni tupu tangu mkewe afariki. Mama Nsimire akaja juu. "Papa, ulionaka wapi? Mwanamuke njo anaenda kwa mume! Desturi ni desturi!" Alilisema kwenye simu, akalisema saluni, akalisema mbele ya wazee wa kanisa lake. Mzee wa watu akakubali. Tungekwenda na ndege mmoja, turudi na wawili. Yashikeni maneno hayo.

Johannesburg hadi Kroonstad

Mabasi yalikataa ndege. Akatuokoa Révérien, mfanyabiashara wa Burundi anayepeleka vitenge Cape Town kwa bakki yake, yaani pikapu. Ni mtu wa maneno machache. Alisema atatupitia alfajiri. Alfajiri yake ilikuja jua limeshawaka, na tulipotoka tukakuta robot zote za mtaani, yaani taa za barabarani, zimezimika, teksi zimekabana puani, kila dereva anapiga honi kana kwamba honi ndiyo petroli.

Mimi nilikuwa mshenga, na mshenga wa Tanga haendi hivihivi. Nilishona sare: gauni langu, gauni la Mama Nsimire, na pazia la tundu la Bosi, kitenge kimoja cha rangi ya chungwa. Révérien alipotuona alisema "Eish," akawasha gari.

Chakula tulikuwa nacho cha kutosha. Nilikuwa na chapati na sambusa, Mama Nsimire ana samaki wa kukaanga na chupa ya pilipili inayoweza kuamsha maiti. Bosi alifungiwa mahindi ya kuchemsha, karoti, majani ya spinachi na vipande vya tofaa vilivyotolewa mbegu. Mbegu za alizeti kidogo tu, maana zinawanenepesha kama sisi na chapati. Hakugusa kitu.

Kroonstad tuliteremka kituo cha mafuta. Kijana wa pampu akaona pazia.

"Mnaenda wapi, akina mama?"

"Arusini," akajibu Mama Nsimire kwa Kiingereza chake.

"Nani anaoa?"

Mama Nsimire akafunua pazia.

Kijana alicheka mpaka akamwaga mafuta kwenye kiatu. Wakaja wenzake kumpa bwana harusi pongezi. Dada mmoja mwenye roho nzuri akachomoa mkate wenye parachichi na kuuingiza kwenye nyavu, nami nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto. Parachichi ni sumu kwa kasuku, jamani! Chokoleti vilevile, na vitu vya chumvi. Yule dada akaudhika, akadhani nimemkataa yeye. Nikamwelewesha, nikampa sambusa, tukaagana vizuri. Yeye akamwachia Bosi kijiti cha meno kama zawadi ya nyumba. Bosi alikitazama tu.

Kroonstad hadi Colesberg

Njia hii ni mahindi yaliyovunwa, kisha Bloemfontein, kisha nyasi, kisha nyasi tena. Mama Nsimire alinifundisha nitakachosema nikifika. "Uwaambie mtoto wetu ni mujengaji. Uwaambie hakunywake pombe." Nikamwambia Papa Gédéon hatamuuliza ndege kuhusu pombe. "Uwaambie tu!"

Nyuma ya pazia kukawa kimya. Baada ya Bloemfontein nikachungulia, nikamkuta Bosi amekaa sakafuni pa tundu, amejivimbisha, anatetemeka.

"Mama Nsimire, huyu anatetemeka."

"Anatetemekaka. Njo kawaida yake."

Kweli, ndege hawa hutetemeka na kutikisa kichwa, hasa makinda wanapodai chakula. Hata jina lao la Kiingereza linatokana na kutetemeka. Révérien, ambaye hakuwa amesema neno tangu mji mmoja na nusu, akasema, "Bwana harusi anaogopa." Tukacheka. Nikashusha pazia. Mpaka leo najiuliza tulicheka nini.

Kabla tu ya Colesberg mkanda wa feni ukakatika.

Colesberg, ambako hatukupanga kulala

Tulivutwa na trekta la mkulima mmoja hadi mjini. Fundi akasema mkanda wa bakki ile utafika kesho kutoka Bloemfontein. Akatuelekeza kwa mama mmoja wa Kikaburu anayelaza wageni, kila mtu anamwita Tannie, yaani shangazi. Nyumba ina bati jekundu, kuku uani, na barazani matundu ya kasuku wadogo wenye vishungi. Mama Nsimire alipoona ndege akasema hii ni nyumba ya Mungu.

Tannie alifunua pazia letu. Akaingiza mkono polepole, akamgusa Bosi tumboni kwa kidole kimoja. Mkia wa Bosi ulikuwa unapanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Huyu mama ameanza lini kukaa chini hivi?"

"Ni baba," akasema Mama Nsimire.

"Mama yangu," akasema Tannie, "huyu baba ana yai limekwama."

Hakuna aliyecheka. Tannie alituambia ndege jike akikwamwa na yai anaweza kufa siku hiyohiyo, na kwamba kwa macho huwezi kumjua dume wala jike wa aina hii, mpaka upime unyoya au uone yai. Alimpigia simu daktari wa wanyama. Daktari yuko shambani, kondoo wanazaa, hafiki kabla ya jioni. Akaagiza: joto, mvuke, tone la dawa ya kalsiamu ambayo Tannie anayo kwa ndege wake, na msimbane tumbo kamwe. Asipotaga hadi yeye daktari atakapofika, atamshughulikia mwenyewe.

Basi tukaingia bafuni kwa Tannie, Mama Nsimire na mimi na Bosi kwenye kikapu kilichotandikwa taulo. Tukafungulia maji ya moto mpaka kioo kikapotea. Sare yangu ya chungwa ikanigandia mwilini. Mama Nsimire akapiga magoti kwenye vigae na kuimba nyimbo zao za kanisa za Bukavu, sauti ya chini, wimbo baada ya wimbo. Mimi nikasoma dua nilizozijua mimi. Katikati ya hapo akaacha kuimba, akasema, "Mwanaidi, huyu akikufa, miye nitaita Nsimire nani ataitika?"

Nikamshika bega.

Halafu Bosi akasimama, akatanua miguu, akaweka uso ambao kila mwanamke aliyezaa anaujua. Yai likatoka. Jeupe, dogo, kama gololi iliyovutwa kidogo. Bosi akaligeukia, akalitazama, kisha akatutazama sisi, na kwa sauti iliyokwaruza akasema, "Nani anafuata?"

We! Mama Nsimire alipiga kigelegele, Tannie akaja mbio akidhani tumeungua. Tulikumbatiana sote watatu, tumelowa chepechepe, mmoja analia kwa Kiswahili na mwingine kwa Kikaburu. Révérien alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Bwana harusi amejifungua," akasema, akaenda zake kukaa barazani, na nikamwona anafuta macho.

Jioni daktari alifika, akampima, akasema apumzike siku nzima ya kesho, yai aachiwe alilalie maana ukimnyang'anya atalazimika kutaga jingine. Tannie alitupikia kondoo na malenge yenye mdalasini. Malenge matamu na nyama pamoja! Niliona makosa, kisha nikaomba tena. Mama Nsimire akamtilia pilipili yake kidogo kwenye sahani. Tannie alikohoa, akanywa maziwa, naye akaomba tena.

Colesberg hadi Beaufort West

Tuliondoka asubuhi ya pili. Karoo ni pana mpaka unachoka kutazama. Ndani ya gari furaha tupu: mtoto mzima, yai liko kwenye pamba, kijiti cha meno cha Kroonstad kimeshafumwa kwenye nyavu. Mama Nsimire alikuwa anasimulia kwa simu kwa mara ya sita.

Révérien akasafisha koo. "Mama. Ulisema mwanamke ndiye anakwenda kwa mume?"

Mama Nsimire akakata simu.

Nawaambia, kutoka vilima vya Three Sisters mpaka Beaufort West gari lile lilikuwa na ukimya wa msibani. Mkuki kwa nguruwe! Desturi aliyompigia kelele mzee wa watu, mbele ya mashahidi, sasa imegeuka na kumtazama usoni. Beaufort West Mama Nsimire alikataa hata chai. Alipopata sauti alisema, "Pengine Malaika ni mwanamuke kweli. Wanawake wawili hakuna ndoa. Tutarudi na Bosi wetu." Nikaona anaomba Mungu iwe hivyo. Na mimi, mshenga mzima, nikaomba naye.

Worcester

Bonde la Hex lilikuwa limechanua, milima ina theluji juu, Mama Nsimire hakutazama chochote. Papa Gédéon alitupokea getini kwa suti nyeusi na tai. Mezani alikuwa ameweka sombe, yaani kisamvu, na fufu, samaki mkubwa, wali wa maharage. Lakini uso wake ulikuwa umeanguka. Tulikaa. Hakunawa hata mikono.

"Mama Nsimire," akasema, "munisamehe. Wiki iliyopita Malaika aliumia ukucha, nikamupeleka kwa daktari, akapima unyoya. Malaika ni mwanaume. Nilikuwa na haya kukuambia kwa simu. Mumekuja na bwana harusi mbali yote hii, na miye sina bibi harusi."

Mama Nsimire alifunika uso kwa kitenge. Mabega yakaanza kutikisika. Mzee akadhani amemuua. Kumbe ni kicheko, kicheko ambacho ndani yake kuna kilio, havitenganishiki. Ikabidi nieleze mimi: bafu, mvuke, yai. Papa Gédéon alisimama, akakaa, akasimama tena. Halafu akaelewa lile jingine. Akamtazama Mama Nsimire, akasema polepole, "Mama, maneno ya simu tuyaache. Murudi na mutoto wenu."

Hakumlazimisha. Hilo ndilo lililomshinda nguvu.

Daktari wa pale alikuwa ameagiza ndege wageni wakae vyumba mbalimbali kwanza, wasije wakaambukizana. Bosi akawekwa jikoni, Malaika sebuleni. Asubuhi tuliamshwa na kelele. Malaika anapiga, Bosi anajibu, Malaika anapiga, Bosi anajibu, ukuta katikati. Mama Nsimire alikwenda jikoni, nikamfuata. Bosi alikuwa amevuta njiti za ufagio wa Papa Gédéon kupitia nyavu na anafuma kwa kasi, kichwa kinakwenda huku na huku. Hatukuwa tumemwona hivyo tangu baridi ianze. Karoti yote imeliwa.

Mama Nsimire alisimama hapo mpaka chai ikapoa. Kisha akaniambia, "Vaa sare yako. Uende useme."

Nikasema. Niliwaita wenyeji, nikakaa kwenye kiti cha mbele, nikamkabidhi binti yetu Bosi kwa jina lake hilohilo, mjengaji, hanywi pombe. Nikauliza mahari. Papa Gédéon akasema tutaje. Mama Nsimire akainua kidole.

"Kitu kimoja. Kwetu mujukuu wa kwanza analelewa na bibi yake. Huyo ni wangu."

"Ni wako, mama," akasema mzee, na hapo ndipo aliponawa mikono.

Kurudi

Mama Nsimire aliniomba nilibebe mimi lile tundu tupu. Alilia bonde zima la Hex, nikalia naye, kisha nikafungua samaki tuliofungiwa, kwa sababu kulia na njaa ni kazi mbili. Colesberg tulimpitia Tannie na kumwachia chupa ya pilipili. Nyumbani Nsimire alifungua mlango, akaona tundu, akauliza kwa Kizulu Bosi yuko wapi. Mama yake akamwambia ameolewa. Msichana akaingia chumbani na hakutoka kula.

Kwa hiyo hatukumla. Mmesikia.

Ningemalizia hapo, lakini kabla ya Krismasi Révérien alisimamisha bakki chini ya jengo na kupanda na kisanduku kilichotobolewa matundu. Ndani yake kinda wa kijani, mtoto wa Bosi na Malaika, anatetemeka, na safari hii ni kutetemeka kwa kawaida, anadai chakula. Hatujui dume wala jike, na hakuna mtu atakayethubutu kusema. Tunamwita Mjukuu. Mama Nsimire aliwapanga watoto wake mbele ya tundu akatoa sheria: ndege huyu atakua akisikia Kiswahili tu, anayetaka kumshika aseme Kiswahili, asiyetaka akae na simu yake. Walinung'unika. Kisha kila mmoja akataka kumshika.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Mama Nsimire yuko jikoni anasonga ugali, amesahau mambo yote, akaita kama alivyozoea, "Nsimire!"

Kutoka sebuleni ikaja, "Ninakuya, mama!"

Alisimama na mwiko mkononi. Akaninong'oneza, "Ni ndege ao ni mutoto?"

Nikachungulia. Ndege alikuwa amelala.